Maambukizi ya tezi dume yanayojirudia: mjue mdudu kwanza, dawa baadaye

Pengine hii ni mara yako ya tatu au ya nne. Maumivu yalianza chini ya kinena, mkojo ukakuchoma, ukaenda kutibiwa ukapewa vidonge vya siku saba. Ukapata nafuu. Wiki tano baadaye mambo yakarudi palepale, ukapewa vidonge vingine vyenye rangi tofauti. Ukapata nafuu tena. Sasa umerudi ulipoanzia, na kichwani una maswali ambayo huwezi kumuuliza mtu mezani.

Nimepita njia hiyo. Mara nne nilipewa dawa, na katika hizo mara nne hakuna hata moja ambayo mkojo wangu ulioteshwa maabara, yaani wadudu waliomo kukuzwa kwenye sahani ili wajulikane, kabla sijameza kidonge cha kwanza. Nami sikujua kwamba nina haki ya kuomba. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi sana kwenye jambo moja: kabla ya kutibu, ijulikane kama kuna mdudu, na kama yupo, ni yupi. Daktari ndiye atakayeandika dawa. Ninachotaka ni uingie kwake ukijua cha kuomba na kwa nini.

Dalili zisizosubiri

Ukipata homa kali yenye kutetemeka, au mkojo ukagoma kutoka kabisa huku kibofu kimejaa, au unatapika hata dawa haikai tumboni, acha kusoma uende kitengo cha dharura leo hii. Hayo yanaweza kuwa maambukizi makali ya tezi dume, na wadudu wake wanaweza kuingia kwenye damu. Utachukuliwa mkojo na damu, mara nyingi dawa itaanza kwa sindano, na mkojo ukigoma utatolewa kwa mpira. Katika hali hiyo tezi haikandwi wala kukamuliwa. Daktari anaweza kuigusa taratibu kwa kidole, basi.

Homa ikishuka, dawa za kumeza huendelea, kwa kawaida hadi wiki 2 au 4 zitimie. Hapa ndipo wengi tunapoteleza: siku ya tatu mtu anajisikia mzima, vidonge vilivyobaki anaviweka droo. Maambukizi makali yaliyotibiwa nusu ni mojawapo ya njia za kufikia maambukizi sugu.

Hatua ya 1: Jua unaumwa ugonjwa upi

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ikivimba, mkojo lazima usumbue. Ikiuma, maumivu hayabaki pale: huenda kwenye msamba, korodani, ncha ya uume, kiuno, wakati mwingine hadi mapajani.

Mwaka 1999 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilichapisha mpangilio wa makundi manne ambao madaktari bado wanautumia. Kundi la kwanza ni maambukizi makali niliyoyaeleza. La pili ni maambukizi sugu ya bakteria. La tatu ni maumivu sugu ya nyonga ambayo vipimo havionyeshi bakteria. La nne ni uvimbe usio na dalili, unaogunduliwa kwa bahati wakati mtu anapimwa mambo mengine.

Kinachoshangaza wengi ni hiki: kati ya wanaume 10 wanaoambiwa wana uvimbe wa tezi dume wa muda mrefu, kama 9 wako kundi la tatu. Hawana bakteria anayeonekana. Lakini nenda kaangalie vidonge wanavyomeza: antibayotiki juu ya antibayotiki.

Utajuaje kundi lako? Huwezi kujua kwa hisia peke yake, lakini kuna alama. Mwenye maambukizi sugu ya bakteria hupata maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, kila yakipimwa anakutwa mdudu yuleyule, na katikati ya vipindi hivyo anaweza kuwa mzima kabisa. Mwenye maumivu ya kundi la tatu huumwa miezi 3 au zaidi, maumivu yanapanda na kushuka lakini hayaondoki kabisa, kukojoa au kumwaga manii kunaweza kuyaamsha, na mkojo wake ukioteshwa hauoti kitu.

Usidanganywe na nafuu. Baadhi ya antibayotiki hupunguza uvimbe hata pasipo na mdudu wa kuua, kwa hiyo unaweza kupata ahueni ya siku kumi ukaamini dawa ilikuwa sahihi. Nilidanganyika hivyo mara mbili.

Hatua ya 2: Omba mkojo uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke.

Kipimo cha kijiti kinachobadilika rangi na kipimo cha hadubini vinaweza kuonyesha kuna usaha au damu. Havikwambii mdudu ni nani wala dawa gani inamuua. Kinachosema hayo ni kuotesha, ambacho watu wa maabara wengi hukiita kalcha. Majibu yake huchukua siku mbili tatu. Kama huna homa na hali yako si mbaya, zungumza na daktari kuhusu kusubiri majibu hayo. Kama haiwezekani kusubiri, basi angalau mkojo uchukuliwe kwanza, ndipo dawa ianze. Ukishameza hata vidonge viwili, maabara inaweza isioteshe kitu, na utarudishwa nyumbani na karatasi inayosema huna tatizo.

Namna ya kutoa mkojo ina uzito wake. Nawa mikono, vuta govi nyuma kama unalo, osha kichwa cha uume kwa maji. Anza kukojoa chooni, kisha bila kukata mkojo ingiza kikopo katikati, kijaze kiasi, malizia chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala upande wa ndani wa kifuniko. Kipeleke maabara mara moja, maana mkojo ukikaa kwenye joto wadudu wa ngozi wanaongezeka na majibu yanavurugika.

Lakini mkojo wa katikati unaeleza habari za kibofu. Kuijua tezi yenyewe kuna kipimo kilichoelezwa mwaka 1968 na Meares na Stamey, kinachotumia vikopo vinne. Kikopo cha kwanza kinapokea mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 5 hadi 10, unaoonyesha hali ya mrija. Cha pili ni mkojo wa katikati. Halafu daktari anaikanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na matone yanayotoka kwenye uume yanapokelewa kwenye cha tatu. Cha nne ni mkojo wa kwanza baada ya kukandwa. Bakteria katika vikopo viwili vya mwisho wakiwa mara 10 au zaidi ya wale wa vikopo vya mwanzo, makao yao ni tezi dume.

Vikopo vinne ni kazi, na hospitali nyingi hazifanyi. Upo ufupisho wa vikopo viwili, mkojo kabla ya kukandwa na mkojo baada, ambao majibu yake yanakaribiana sana na ya vinne. Omba huo. Sentensi ni rahisi: "Daktari, naomba tuoteshe mkojo kabla na baada ya kukanda tezi." Kukandwa hakupendezi, sitakuficha. Ni dakika moja ya kuhisi kana kwamba mkojo unataka kukutoka. Mimi nilibana misuli kwa aibu na nikajiongezea maumivu. Pumua kwa mdomo, legeza makalio, itapita. Kipimo hiki hakifanywi ukiwa na homa ya maambukizi makali.

Vipimo vingine vya kuuliziwa: klamidia na kisonono kama una mwenzi mpya au usaha kwenye mrija, sukari kwenye damu, na kama mkojo una usaha kila mara lakini hauoti chochote, ulizia kifua kikuu cha njia ya mkojo, pamoja na kichocho kama umewahi kuogelea au kufanya kazi kwenye maji yenye ugonjwa huo. Kifua kikuu hakioti kwenye kalcha ya kawaida. Kinahitaji kipimo chake.

Na PSA, kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume. Kipimo hiki hupanda tezi ikiwa na maambukizi, wakati mwingine kwa kiasi cha kutisha. Kisipimwe katikati ya ugonjwa ikiwezekana. Kama tayari kimepimwa na kiko juu, kinarudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya matibabu. Kikishuka, vizuri. Kikibaki juu, usikae kimya; hapo ni lazima saratani ichunguzwe.

Hatua ya 3: Dawa ifike ndani ya tezi, na ikae muda wa kutosha

Karatasi ya maabara imetoka. Inasema mdudu ni E. coli, ambaye ndiye anayekutwa mara nyingi zaidi. Wengine wa kawaida ni Klebsiella, Proteus, Pseudomonas na Enterococcus. Chini yake kuna orodha ya dawa zinazomuua. Mtu anachagua moja kwenye orodha, unameza, na bado ugonjwa unarudi. Kwa nini?

Kwa sababu orodha ile inaeleza yaliyotokea kwenye sahani ya maabara. Tezi dume ina ukuta wa seli zilizoshikana barabara, na dawa nyingi hazipenyi. Wakati wa maambukizi makali ukuta huo unalegea, dawa nyingi zinaingia. Katika ugonjwa sugu umejifunga, na zinazopenya ni chache, hasa zile zinazoyeyuka kwenye mafuta. Nitrofurantoini ni mfano mzuri: inasafisha kibofu kwa uhodari, lakini kwenye tezi haifiki kwa kiwango cha kutibu. Amoksilini na ndugu zake nazo hupenya kwa shida. Unatibiwa mkojo, mkojo unakuwa safi, na mdudu amekaa chumba cha pili anasubiri.

Zinazojulikana kupenya vizuri ni siprofloksasini na levofloksasini, kisha kotrimoksazoli. Doksisaiklini hutumika kwa baadhi ya wadudu, klamidia akiwemo. Fosfomisini imekuwa ikitumika kwa wadudu walioshinda hizo nyingine. Swali la kumuuliza daktari linakuwa fupi: "Katika hizi zinazomuua, ipi inapenya kwenye tezi dume?"

Muda nao si siku saba. Kwa maambukizi sugu ya bakteria, siprofloksasini au levofloksasini hutolewa kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Kotrimoksazoli inaweza kuhitaji muda mrefu zaidi, hadi wiki 12. Weka alama kwenye kalenda siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

Sasa sehemu ambayo haisemwi vya kutosha dirishani pa kuchukulia dawa. Kundi la siprofloksasini na levofloksasini lina madhara ambayo si ya kupuuza. Mwaka 2018 mamlaka za dawa za Marekani na za Ulaya zote ziliongeza maonyo juu yake. Linaweza kuumiza kano, hasa ile ya kisigino, hadi kukatika, na hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Linaweza kuleta ganzi na kuchomachoma miguuni, kuyumbisha sukari kwa wenye kisukari, kuvuruga usingizi na akili. Mtu mwenye uvimbe wa mshipa mkuu wa damu hapaswi kupewa isipokuwa hakuna njia nyingine. Kisigino kikianza kuuma, acha dawa, pumzisha mguu, mpigie daktari siku hiyohiyo. Kotrimoksazoli kwa upande wake inaweza kuleta vipele vikali. Ngozi ikianza kuchubuka au midomo na macho kupata vidonda, hiyo ni dharura. Mwambie daktari pia dawa zote unazotumia, hasa za presha na za kuzuia damu kuganda.

Siprofloksasini usiimeze pamoja na maziwa, dawa za kiungulia, wala vidonge vya madini ya chuma, zinki au kalsiamu. Hushikamana nayo tumboni na dawa haiingii mwilini. Imeze saa 2 kabla ya dawa za kiungulia na madini hayo, au saa 6 baada. Nimekutana na mtu aliyemaliza wiki nne nzima akimeza kidonge chake kila asubuhi pamoja na cha madini. Alihesabu kuwa dawa imeshindwa, kumbe haikupewa nafasi.

Ukimaliza, mkojo uoteshwe tena wiki kadhaa baadaye, hata kama unajisikia vizuri. Karatasi ile safi ni ya thamani: ugonjwa ukirudi miezi sita mbele, itajulikana kama ni mdudu wa zamani aliyejificha au mgeni.

Hatua ya 4: Akirudi yuleyule, tafuteni maficho

Dawa sahihi, muda sahihi, na bado kalcha inamtaja mdudu yuleyule. Hapo kuongeza dozi kwa kubahatisha hakusaidii. Kuna sababu.

Ndani ya tezi kunaweza kuwa na vijiwe vidogo, na bakteria hujijengea utando wa ute juu yake unaowakinga na dawa. Kibofu kinaweza kuwa hakimalizi mkojo. Ultrasaundi baada ya kukojoa huonyesha kilichobaki. Mrija unaweza kuwa umebanwa na kovu la ugonjwa wa zamani au la mpira wa mkojo. Kisukari kisichodhibitiwa huwalisha wadudu. Kila moja kati ya haya ina tiba yake, na hapa ndipo panapohitajika daktari bingwa wa mfumo wa mkojo.

Pasipopatikana kitu cha kurekebisha, njia zilizobaki ni kurudia dozi ndefu kwa dawa nyingine inayopenya, au kutumia dozi ndogo ya kila siku kwa miezi ili kumzuia mdudu asipande, chini ya uangalizi wa vipimo vya damu. Upasuaji wa kukwangua tezi hufanywa kwa wachache, na haumhakikishii mtu kupona. Watu huuliza pia juu ya virusi vinavyokula bakteria, tiba ambayo Taasisi ya Eliava huko Tbilisi, Georgia, imeifanyia kazi tangu 1923. Wapo waliosafiri kuitafuta, lakini katika nchi nyingi bado haijawa tiba ya kawaida.

Hatua ya 5: Kama hakuna mdudu, acha kumwinda

Kalcha mbili tatu zimetoka safi, zilichukuliwa vizuri, bila dawa mwilini. Bado unaumwa. Tafadhali usikubali dozi ya sita ya antibayotiki. Maumivu yako ni ya kweli, ila chanzo ni kingine.

Mara nyingi misuli ya sakafu ya nyonga imekaza kama ngumi. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayejua nyonga anaweza kuzigusa sehemu zilizokaza na maumivu yako yaleyale yakajitokeza chini ya kidole chake. Tiba ni kuzilegeza. Kwa hiyo mazoezi ya kubana misuli ya mkojo, ambayo yanasifiwa kila mahali, yanaweza kukuzidishia. Jaribu hili badala yake: lala chali, magoti yameinuliwa, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi taratibu hadi tumbo linyanyue mkono, na wakati huo acha msamba ushuke, kama pale mkojo unapoanza kutoka. Usisukume. Toa pumzi, usibane chochote. Dakika kumi, mara mbili kwa siku. Wiki ya kwanza sikuhisi kitu. Wiki ya tatu niligundua kwamba nimekaa kwenye kiti saa nzima bila kuhamisha makalio.

Pamoja na hayo, daktari anaweza kukupa tamsulosini au alfuzosini kama mkojo unatoka kwa shida. Angalia kizunguzungu unapoinuka. Dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni husaidia kwa muda mfupi, kwa mwenye tumbo na figo zima. Maumivu yenye asili ya neva yana dawa zake. Tiba bora hapa huunganisha kadhaa kwa wakati mmoja kulingana na dalili zako, ikiwemo akili. Maumivu ya sehemu hizi hula moyo wa mtu kimyakimya. Ukijikuta unawaza kutoishi, mwambie mtu leo, na mwambie daktari kwa maneno hayohayo.

Nyumbani

Keti kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15. Usikae kitako saa nyingi mfululizo. Baiskeli ipumzishe kwanza. Tibu kufunga choo. Kahawa, pombe na pilipili huwasumbua baadhi ya watu na wengine haziwagusi, kwa hiyo acha kimoja kimoja kwa wiki mbili uone, usijinyime vyote bila sababu.

Kumwaga manii hakuidhuru tezi. Na kuhusu mwenzi: E. coli kwenye tezi si ugonjwa wa zinaa, si ushahidi wa usaliti, na mwenzi hahitaji kutibiwa. Klamidia au kisonono vikipatikana, mnatibiwa wote wawili kwa pamoja. Naomba ulitenganishe hili mapema. Nyumba zinaingia matatani kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyeisoma vizuri.

Daftari la kubeba

Chukua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza, kila tukio: tarehe, dalili, homa ilikuwepo au haikuwepo. Ukurasa wa pili, kila kalcha: tarehe, jina la mdudu, dawa zilizomuua na zilizoshindwa. Wa tatu, kila dawa uliyomeza: siku ngapi, nafuu kiasi gani, madhara. Omba pia dodoso la dalili za tezi dume linalotoa alama 0 hadi 43, lijaze kila mwezi. Alama zikishuka kwa 6 au zaidi, tiba inafanya kazi hata kama bado kuna siku mbaya.

Bandika humo picha au nakala za majibu ya maabara. Siku ukirudi kwa daktari, mpe daftari kabla hujaketi, na umwambie: "Hakuna dawa niliyomeza wiki hizi. Naomba tuanze na kikopo."